Je, Wajua? Kazi ya nyuma haiguswi na kibodi

Mwanafunzi wa kompyuta pale Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, akitumia Linux anaweza kumalizia amri kwa alama ya &, na kazi ndefu ikaendelea nyuma ya pazia huku yeye akiandika amri nyingine. Lakini kazi hiyo ikitaka kusoma jibu kutoka kwenye kibodi, haipati hata herufi moja. Mfumo huitumia ishara iitwayo SIGTTIN, na kazi husimama palepale. Haifi, inasubiri. Akiandika fg, inarudi mbele na kusoma jibu lake.

Unix, mfumo ambao Linux inauiga, ilizaliwa 1969 katika maabara za Bell, Marekani, lakini utaratibu huu ulienea kupitia Unix ya Berkeley, karibu na 1980. Kwangu mimi ni miongoni mwa mambo bora kabisa ya mfumo huo: bila utaratibu huo, programu mbili zingegombania kila unachobonyeza, hata nenosiri.

Kuandika kwenye skrini, kwa kawaida, hakuzuiwi. Ndiyo maana matokeo ya kazi ya nyuma huchanganyika na amri unayoandika.

Na ukiwa Nakuru unafanya kazi kwenye seva ya mbali, tanguliza nohup kabla ya amri yako. Intaneti ikikatika, kazi itaendelea.