Je, Wajua? Sokwe wa Gombe na Adabu ya Kumkaribia

Watu wa Nduta, wa Kibondo na wa Kasulu, ambao tangu utoto wameizoea misitu ya miombo na habari za nyati na chui wa upande wa Moyowosi, hawahitaji kufundishwa kumhadhari mnyama mkali. Lakini mmoja wao ateremkapo kutoka nyanda hizi za juu hata Kigoma mjini, akapanda mashua na kuambaa Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini kwa kilomita zipatazo 16, hufika katika milima ya Gombe, na huko hukutana na mnyama ambaye sura yake, kwa kufanana mno na yetu, humsahaulisha mtu hadhari yote. Mnyama huyo ni sokwe mtu.

Bonde la Gombe lilianza kuhifadhiwa mwaka 1943, likawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Kati ya miaka hiyo, mnamo Julai 1960, aliwasili Jane Goodall, binti wa Kiingereza, ambaye kabla mwaka haujakwisha alimwona dume mmoja akichomeka jani la nyasi katika kichuguu, akalitoa taratibu likiwa limeng'ang'aniwa na mchwa, akawala. Na wanazuoni, waliokuwa wakishikilia kwamba kutumia zana ni sifa ya binadamu peke yake, wakalazimika kuifikiri upya itikadi yao.

Anayepanda milima ile aghalabu humsikia sokwe kabla ya kumwona, maana kelele zao huanza kwa mguno wa chini, zikapanda na kuharakisha hata zikawa mayowe yanayojaza bonde zima. Na akiinua macho huenda akaona juu ya miti vitanda vya matawi yaliyokunjwa, kwa kuwa kila jioni sokwe hujitandikia kitanda kipya. Dume akitaka kuonyesha ukubwa wake, nywele humsimama mwili mzima, midomo hubana, mabega huyumba huku na huku, kisha hutimka akiburura tawi na kurusha mawe, akampiga yeyote aliye njiani mwake. Hapo usikimbie, wala usipige kelele: shikilia mti ulio karibu, tulia, umwache apite, nawe umsikilize mwongoza wageni, ambaye bila yeye hairuhusiwi kuwafuata sokwe.

Nguvu za sokwe, kwa kadiri ya uzito wake, zazidi zetu, naye hula nyama, hususan ya mbega wekundu, ambao huwawinda mitini kwa kushirikiana na wenzake. Mwaka 2002 dume mmoja mkubwa aitwaye Frodo alimnyakua mtoto mchanga aliyekuwa amebebwa na jamaa zake wakipita hifadhini, akamwua. Msiba huo haukutokana na uovu wa moyo, maana mnyama hahukumiwi kwa sheria zetu. Sokwe aliyezoea watu hata hofu ikamtoka aliona kiumbe mdogo akamtendea kama awatendeavyo mbega. Kadhalika ndizi walizokuwa wakipewa sokwe wa Gombe katika miaka ile ya kwanza ziliwakusanya mahali pamoja na kuwazidishia ugomvi, na desturi hiyo ikakomeshwa. Ndiyo sababu haifai kula mbele yao, sembuse kuwatupia chakula.

Walakini, nionavyo mimi, hatari iliyo kubwa zaidi hutoka kwetu kwenda kwao. Mwaka 1966 maradhi ya kupooza yaliingia Gombe, baadhi ya sokwe wakafa na wengine wakabaki wakiburura mikono au miguu, na watafiti wakalazimika kuwapa chanjo iliyofichwa ndani ya ndizi. Mafua na kikohozi, ambavyo kwetu ni taabu ya siku chache, kwao huweza kuwa mauti, kwa kuwa viumbe hawa wameumbika karibu sawa nasi hata magonjwa yetu hayaoni tofauti, ilhali wao hawana kinga tuliyoizoea. Umbali wa mita 10 unaoamriwa wageni, na barakoa inayofunika pua na mdomo, huwakinga sokwe kama vile vinavyotukinga sisi.

Basi, ndugu yangu wa Nduta, Kibondo au Kasulu uliyeazimu kwenda kuitazama fahari hii ya mkoa wetu, ikiwa siku ya safari umeamka na kikohozi, tafadhali ahirisha. Milima ya Gombe itakungoja mpaka upone.