Mchicha Una Moto, Kachumbari Haina

Masika Mto Kilombero ukifurika, maji hutambaa bondeni yakibeba kilichomo vyooni na mazizini. Mofu na vijiji vingine vya mpunga vinaijua hali hiyo. Tena wakulima wengi wa bonde hili huhamia mashambani msimu wa kilimo, na huko maji ya kuoshea mboga mara nyingi hutoka kisima kifupi au bwawa lililo karibu. Mboga ikioshwa kwa maji hayo huweza kutoka na vimelea vingi kuliko ilivyoingia.

Kwa mchicha, matembele au majani ya maboga, hasara hiyo hufutwa na moto. Maji yakichemka barabara, vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa, na mayai ya minyoo pia. Kuosha hapa ni kutoa mchanga, wadudu na dawa ya shambani iliyobaki juu ya jani. Iliyokwisha kunyonywa na mmea haitoki hata uoshe mpaka jua lizame. Osha kabla ya kukatakata, la sivyo vitamini C itamwagwa pamoja na maji.

Kachumbari ndiyo ya kuangaliwa. Mnyoo jike wa mchango hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku, na ganda la yai hilo linanata. Yai la tegu wa nguruwe ni baya zaidi: likimezwa, mabuu yake huweza kufika ubongoni na kuleta kifafa. Klorini ya kutibu maji ya kunywa huua vimelea vya kipindupindu lakini mayai haya huyaacha hai. Chumvi nayo, tunayoiamini sana, hufukuza wadudu tu. Sabuni isiguse mboga kabisa.

Kwa hiyo kuloweka kwenye beseni hakutoshi. Yai linalonata hung'olewa kwa kusuguliwa huku maji safi yakitiririka. Pasipo bomba, mmoja amimine kwa kopo na mwingine asugue. Tango lioshwe kabla ya kumenywa, maana kisu huburuta uchafu wa ganda hadi ndani. Na kisu kilichopasua kambale kisikate nyanya kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Shambani, kama maji yaliyochemshwa yanatosha kunywa tu, kachumbari isubiri. Kabichi na nyanya ziende chunguni.