Vazi la Mmaasai na Picha ya Makumbusho

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwagiza Joy Adamson, mzaliwa wa Austria, awachore watu wa Kenya katika mavazi ya jadi kabla hayajatoweka. Michoro yake ni hazina, hilo sibishi. Ila, ndugu msomaji, picha haikuumbwa iwe sheria. Shanga anazotunga mama wa Kajiado asili yake ni viwanda vya kioo vya Ulaya, na shuka nyekundu ilichukua mahali pa ngozi. Ni yeye aliyezipanga rangi zikatangaza rika na ndoa. Kwa nini basi mtindo wake mpya, sokoni Kitengela, uitwe bandia? Makumbusho ya Nairobi yangefanya vyema kumwalika aandike maelezo chini ya picha hizo.