Kura ya maoni na mgao wa fedha: Garissa yapata nini?

WAKAZI wa Garissa, Wajir na Mandera wanapoombwa kuunga mkono mabadiliko ya Katiba, ahadi inayotangulizwa ni asilimia ya fedha zitakazotumwa mashinani. Ilikuwa 15 mwaka 2010, ikawa 35 katika mapendekezo ya 2019 na 2020, kisha 20 katika ripoti ya Kamati ya Mazungumzo ya Kitaifa ya 2023.

Asilimia hiyo peke yake haielezi mengi. Yapo maswali mawili ambayo ni nadra kusikika majukwaani: ni asilimia ya mapato yapi, na fedha hizo zitagawanywa kwa kigezo gani?

Kura ya maoni ya Agosti 4, 2010 ililifaidi eneo hili kuliko uamuzi wowote wa kifedha uliotangulia. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulikuwa umeelekeza mtaji katika sehemu zenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, kwa matumaini kwamba faida yake ingewafikia wengine baadaye. Nchi ya wafugaji haikuwa na sifa hata moja kati ya hizo, na faida yenyewe haikufika.

Kifungu cha 203 cha Katiba mpya kilizihakikishia kaunti zote 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Lakini mapato yanayotumiwa ni yale ya hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na hesabu hizo huchelewa kwa miaka.

Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, kwa mfano, kaunti zilitengewa Sh370 bilioni. Msingi wa hesabu ulikuwa mapato ya 2016/17, takriban Sh1.357 trilioni, na kwa hivyo mgao ulitajwa kuwa asilimia 27.3. Ukilinganishwa na mapato ya mwaka wenyewe wa 2021/22, ambayo yalikuwa yameongezeka sana, ulikuwa mdogo kuliko ulivyotajwa.

Kwa msingi huo wa 2016/17, asilimia 15 ni Sh204 bilioni na asilimia 20 ni Sh271 bilioni. Zote mbili ziko chini ya kile kaunti zilichokuwa zikipokea tayari. Pendekezo la 2023 kwa hivyo lingeinua sakafu bila kuongeza shilingi. Asilimia 35 ndiyo iliyokuwa na uzito: Sh475 bilioni, yaani Sh105 bilioni zaidi, ambazo serikali ya kitaifa ingelazimika kuzitoa katika matumizi yake au kuzikopa.

Asilimia hiyo ya 35 ilipendekezwa mara mbili. Mswada wa Punguza Mizigo wa chama cha Thirdway Alliance ulikataliwa na mabunge mengi ya kaunti mwaka 2019. Ule wa Mpango wa Maridhiano, BBI, ulisimamishwa na Mahakama Kuu Mei 2021, na Mahakama ya Juu ikauzima Machi 31, 2022 kabla ya kufika kwa wapiga kura.

Ndani ya mswada wa BBI kulikuwa na sharti ambalo halikuzungumziwa vya kutosha. Kaunti inayopata fedha nyingi zaidi kwa kila mkazi isingeruhusiwa kuzidi mara tatu ya ile inayopata kidogo zaidi.

Tuchukue mgao wa 2021/22 na sensa ya 2019. Nairobi, iliyokuwa ya mwisho, ilipata kama Sh4,380 kwa kila mkazi, hivyo kikomo kingekuwa takriban Sh13,100. Garissa ilipata Sh9,400 na Wajir Sh12,100, zingepona. Mandera, kwa Sh12,900, ingeponea chupuchupu. Majirani wangeumia: Marsabit ilikuwa na Sh15,800, Isiolo Sh17,600, Tana River Sh20,700 na Lamu Sh21,600.

Hoja ya waliotaka sharti hilo ilieleweka, kwamba mkazi wa Nairobi na wa Lamu wote ni Wakenya. Hata hivyo, zahanati ya Hulugho huhitaji muuguzi, jokofu la chanjo na mafuta ya gari sawa na zahanati ya mjini, ijapokuwa wagonjwa wake ni wachache na wametawanyika. Mvutano huo huo ulilikwamisha Bunge la Seneti mwaka 2020, hadi fomula ya tatu ilipopitishwa Septemba, ikishusha uzito wa idadi ya watu kutoka asilimia 45 hadi 18.

Hapo ndipo sensa inapogeuka kuwa suala la fedha. Majuma manne hivi baada ya kura ya maoni ya 2010, serikali ilifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane, zikiwemo Lagdera, Wajir Mashariki na wilaya tatu za Mandera, ikisema idadi iliongezeka kupita kiasi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa nayo ilibatilisha matokeo ya 2019 ya sehemu kadhaa za kaunti hizi tatu, baada ya walalamishi kudai watu wao walipunguzwa. Chini ya kikomo cha BBI, hesabu ndogo ingeiumiza Mandera mara mbili: ingepunguza mgao wake, na wakati huo huo kuionyesha kama kaunti inayopokea mno kwa kila mkazi.

Kuna fungu jingine lililotokana na kura ya 2010. Hazina ya Usawazishaji, chini ya Kifungu cha 204, hutengewa nusu asilimia ya mapato kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa. Kwa mwaka 2021/22 hiyo ilikuwa Sh6.8 bilioni. Kwa miaka mingi kilichotolewa kilikuwa chini ya kilichopaswa, na sera ya pili ya Tume ya Ugavi wa Mapato ilipanua orodha kutoka kaunti 14, Garissa ikiwemo, hadi maeneo madogo madogo katika kaunti 34.

Uhai wa hazina hiyo ni miaka 20, kwa hivyo itafikia ukomo Agosti 2030. Kuirefusha hakuhitaji kura ya maoni. Kunahitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti.