Kompyuta Ugenini: Volti Kwanza, Plagi Baadaye

Umeme wa majumbani hauna nguvu sawa duniani kote. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240. Marekani ni 120, na Japani 100 tu. Marudio yake nayo hutofautiana: Afrika Mashariki ni hezi 50, Marekani 60, ilhali Japani imegawanyika, Tokyo 50 na Osaka 60.

Jibu la kama kompyuta itafaa ugenini limeandikwa kwenye kibandiko cha chaja, kwa herufi ndogo mno, mbele ya neno INPUT. Chaja nyingi za kompyuta mpakato zina 100–240V, 50/60Hz, yaani zinakubali umeme wa karibu nchi yoyote. Ndani yake mkondo geu hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu, ukakatwakatwa mara maelfu kwa sekunde na kupitishwa kwenye transfoma ndogo. Saketi ya udhibiti hurefusha au kufupisha vipande hivyo ili volti zinazotoka, mara nyingi 19 au 20, zisiyumbe. Mwenye chaja hiyo hana haja ya kununua transfoma, hata muuzaji akimshawishi vipi. Adapta ya plagi inamtosha. Akitoka Marekani kwenda Dar es Salaam au Muscat, ni ile ya pini tatu ya Kiingereza.

Lakini adapta hubadili umbo la pini tu. Volti hupita kama zilivyo. Hapo ndipo huungulia kompyuta za mezani za zamani zinazotumwa nyumbani na ndugu walioko Marekani. Nyingi zina swichi ndogo nyekundu nyuma, karibu na tundu la waya, iliyoandikwa 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa kwenye umeme wa 230, fyuzi hukatika papo hapo, na kapasita zinaweza kupasuka kwa kishindo. Kosa la kinyume haliunguzi kitu: kompyuta haiwaki tu. Swichi hiyo husukumwa kwa ncha ya bisibisi, waya ukiwa umechomolewa. Isiyo na swichi isidhaniwe kuwa salama. Kibandiko chake kisomwe kwanza.

Printa za leza aghalabu hutengenezwa kwa volti za soko moja. Ya volti 120 huhitaji transfoma ya kushusha umeme, tena yenye wati zaidi ya zile za printa inapopasha joto roli yake, ambazo huweza kukaribia 1,000. Transfoma ya kiasi hicho ni nzito na ghali, hivyo ni nafuu kuiuza printa kabla ya safari na kununua nyingine huko uendako.