Ndege Inapotua Pasipotarajiwa

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou au Dubai, muda wa safari ni sehemu ya mtaji wake, kwa kuwa siku inayopotea njiani huchelewesha kontena huku kodi ya fremu ikiendelea kuhesabiwa. Ndiyo maana tangazo kwamba ndege haitatua kwenye kiwanja kilichoandikwa katika tiketi hupokewa kwa hasira, kana kwamba shirika limeshindwa kazi, ilhali uamuzi huo huwa umeandaliwa kabla ndege haijaruka, na rubani anayeuchukua mapema anastahili heshima kuliko lawama.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, ambazo nchini husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, huitaka ndege kubwa ya abiria kwa kawaida ibebe mafuta ya kuifikisha iendako, ya kuitoa hapo hadi kiwanja mbadala, yaani kiwanja cha pili kilichotajwa katika mpango wa safari, na juu ya hayo akiba ya mwisho ya kuzunguka angani kwa dakika 30. Rubani anayesubiri mvua ipungue huyahesabu mafuta hayo dakika kwa dakika, na yanapobaki ya kufika kiwanja mbadala pamoja na akiba ya mwisho, kwa kawaida hana budi kuacha kusubiri, hata kama abiria wanaziona taa za mji wao dirishani.

Wakazi wa Jangwani, wanaoijua masika kwa kuuona Mto Msimbazi ukifurika na Barabara ya Morogoro ikifungwa, wanaweza kushangaa kusikia kwamba siku hiyohiyo ndege zinatua Uwanja wa Julius Nyerere bila shida. Mto hukusanya maji ya saa nyingi kutoka vilima vya Pugu na kuyashusha bondeni, lakini ndege inahitaji dakika chache tu za hali inayofaa: rubani aione njia ya kutua, upepo wa ubavuni usizidi kiwango, maji yasituame juu ya lami, na pasiwe na wingu la radi karibu, kwa sababu wingu hilo huweza kubadili mwelekeo na nguvu ya upepo ghafla wakati ndege iko chini na haina nafasi ya kujinasua.

Gharama ya hali mbaya ya hewa inajulikana vyema Kanda ya Ziwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43, ilianguka Ziwa Viktoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 wakafariki. Baada ya msiba ule, msafiri wa Bukoba anayepelekwa Mwanza kwa sababu ya mawingu hana sababu ya kunung'unika. Hata viwanja vyenye vifaa vya kila aina huelemewa: tarehe 16 Aprili 2024 mvua kubwa ilileta mafuriko Dubai, ndege zilizokuwa zikiingia zikaelekezwa kwingine, na abiria wengi wakakwama kwa siku kadhaa.

Ugonjwa ni suala gumu zaidi, kwa sababu hautabiriwi na mamlaka yoyote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la New England Journal of Medicine ulikuta dharura moja ya kiafya kwa kila safari 604, zaidi ya theluthi moja zikiwa za kuzimia au kukaribia kuzimia, na takriban 7 katika kila 100 zikailazimu ndege kutua kwingine. Hewa ya ndani ya ndege hulingana na ile ya mahali palipo kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kuliko Nairobi, na upungufu huo wa oksijeni, ambao mtu mzima wa afya hautambui, unaweza kumwamshia mgonjwa wa selimundu maumivu makali au kumlemea mwenye moyo dhaifu. Kwa nchi yenye wagonjwa wengi wa selimundu kama Tanzania, ushauri wa daktari kabla ya kukata tiketi ni jambo la lazima.

Rubani kiongozi ndiye mwenye kauli ya mwisho, akisaidiwa na wahudumu, na daktari aliyemo miongoni mwa abiria kama yupo, na mara nyingi madaktari walio ardhini wanaoshauri kwa redio au simu ya satelaiti. Kiwanja kilicho karibu si lazima kiwe kinachofaa, kwani njia yake inaweza kuwa fupi, au hospitali yenye uwezo ikawa mbali. Uzito nao una sheria yake: Boeing 787-8, aina inayotumiwa na Air Tanzania, huruhusiwa kuruka na hadi tani 228 hivi lakini kutua na tani 172 hivi, kwa hiyo ikigeuka mapema ikiwa imejaa huenda ikamwaga mafuta angani kwanza, au ikatua na uzito uliozidi na kukaguliwa kabla ya kuruka tena.

Mgonjwa akishashushwa, wengine husubiri mafuta, mpango mpya wa safari na kibali cha waongozaji wa ndege, na saa za kazi za marubani, ambazo sheria huziwekea ukomo, zikiisha, safari hulala hapo mpaka wapatikane wengine. Kwa kuchelewa kwa namna hii, Mkataba wa Montreal wa 1999 haulibebeshi shirika fidia likithibitisha kwamba lilichukua kila hatua ya busara kuepusha hasara, au kwamba haikuwezekana kuichukua. Maelezo ya wazi, yatolewayo mapema na kurudiwa kwa Kiswahili, hayahitaji mafuta wala kibali, na abiria anayo haki ya kuyadai kabla hajateremka kwenye kiti chake.