Majira ya Kuchipua Miongoni mwa Wapagani wa Kisasa: Jina Kongwe, Miviga Michanga

Utangulizi

Nyanya yangu mzaa mama alibatizwa akiwa msichana. Kabla ya siku hiyo, waliomfunza katekisimu walimwita mpagani. Jina hilo hakujichagulia, na hata uzeeni alilitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni. Kinyume na hali hiyo, katika sensa ya mwaka wa 2021 huko Uingereza na Wales, watu wapatao 74,000 walijaza kwa hiari yao kwamba dini yao ni upagani, na wengine wapatao 13,000 wakaandika kuwa wao ni wafuasi wa Wicca. Neno ni lile lile. Nyanya alivishwa, hawa wamejivika wenyewe.

Makala haya yananuia kueleza jinsi Wapagani hawa wa kisasa wanavyosherehekea kuwadia kwa majira ya kuchipua, sherehe hizo zilikotoka, na funzo tunaloweza kupata kutokana nazo sisi wanafunzi wa fasihi. Hoja yetu kuu ni kwamba jina la sherehe linaweza kuwa kongwe ilhali miviga yenyewe ni michanga. Uchanga huo si aibu. Aibu ni kuuficha.

Istilahi mbili zinazohitaji ufafanuzi

Istilahi ya kwanza ni upagani. Neno hili lina asili yake katika neno la Kilatini, paganus, lililomrejelea mtu wa mashambani. Katika karne ya 4, Wakristo wa dola ya Rumi walilitumia kumrejelea yeyote asiyefuata dini yao. Wapagani tunaowazungumzia hapa ni wafuasi wa dini mpya zilizositawi hasa nchini Uingereza na Marekani katika karne ya 20: Wicca, Wadruidi, wanaoabudu miungu ya kale ya Ulaya Kaskazini, na wengineo. Dini hizi hazina msahafu mmoja wala kiongozi mmoja. Kinachoziunganisha kwa kiasi kikubwa ni kuuona ulimwengu wa maumbile kuwa mtakatifu na kuyafuata majira ya mwaka kwa ibada.

Istilahi ya pili ni majira ya kuchipua. Sisi tuna masika, vuli, kiangazi na kipupwe, machipuko hatuna. Ili kuyaelewa, yafaa tuanze na jua. Mjini London, mchana wa Desemba huwa takribani saa nane, ilhali ule wa Juni huzidi saa kumi na sita. Nairobi, mchana huwa takribani saa kumi na mbili mwaka mzima. Ndiposa saa zetu za Kiswahili huhesabiwa tangu macheo bila kutatiza mtu. Anayeishi kaskazini ya mbali hupitia miezi ya giza na miti mitupu kabla ya mwanga kurejea. Mnamo tarehe 20 Machi au karibu na hapo, jua huvuka ikweta, na usiku na mchana hukaribiana kuwa sawa kote duniani. Siku hii huitwa ikwinoksi.

Ikumbukwe kwamba safari hiyo hiyo ya jua huuvuta ukanda wa mvua juu ya ikweta na kuchangia kutuletea masika. Chanzo ni kimoja, matokeo ni mawili: kule hurejea mwanga, huku hurejea mvua. Kwa hivyo, mtafsiri anayeyaita majira ya kuchipua masika amekosea matokeo, ila hajakosea chanzo.

Gurudumu la Mwaka

Wapagani wengi, hasa wa Wicca na Wadruidi, hufuata kalenda ya sherehe nane waiitayo Gurudumu la Mwaka. Nne kati yake hufuata mwendo wa jua, na nne nyingine huangukia kati ya hizo. Tatu zinahusiana na majira ya kuchipua. Ya kwanza ni Imbolc, tarehe 1 au 2 Februari, wakati kondoo wanapoanza kuzaa. Ya pili ni Ostara, siku ya ikwinoksi ya Machi. Ya tatu ni Beltane, tarehe 1 Mei, ambayo huyafunga machipuko na kuyafungua majira ya joto.

Katika Wicca, gurudumu hili hubebwa na kisasili. Mungu wa kiume huzaliwa upya siku ya mchana mfupi zaidi, hukua pamoja na jua, humpenda Mungu wa kike, kisha hudhoofika na kufa mavuno yanapokwisha, ili azaliwe tena. Wakati wa Ostara, wawili hao husawiriwa kama vijana.

Miviga ya Ostara hutofautiana kutoka kikundi hadi kikundi, lakini baadhi ya vipengele hujirudia. Madhabahu hupambwa kwa maua ya mwanzo wa msimu na mayai yaliyopakwa rangi. Washiriki husimama katika duara na kuzikaribisha pande nne za dunia: mashariki kwa hewa, kusini kwa moto, magharibi kwa maji na kaskazini kwa ardhi. Mbegu hubarikiwa na kupandwa, wengine wakizipanda pamoja na nia ya jambo wanalotaka likue maishani mwao. Mwishoni hula mkate na kunywa pamoja. Wapo pia wanaokusanyika Stonehenge, kusini mwa Uingereza, kuyalaki macheo ya siku hiyo katikati ya mawe ya kale.

Wapagani wa Australia huadhimisha Ostara mwezi wa Septemba, kwa kuwa ndipo machipuko yao yanapoingia. Baadhi yao huukaribisha moto kutoka kaskazini, kwa sababu kwao jua la adhuhuri huonekana upande huo. Hili linadhihirisha kwamba kalenda ni mtumishi wa ardhi, si bwana wake.

Chimbuko la Ostara

Waumini wengi wameielezea Ostara kama sherehe iliyorithiwa moja kwa moja kutoka enzi za kabla ya Ukristo. Je, ushahidi unasemaje?

Ushahidi wa maandishi ni mfinyu mno. Mnamo mwaka wa 725, mtawa Mwingereza aitwaye Bede aliandika kitabu kuhusu namna ya kuhesabu nyakati. Humo alieleza kwamba mababu zake waliuita mwezi mmoja Eosturmonath kutokana na mungu wa kike, Eostre, aliyefanyiwa karamu katika mwezi huo. Hakueleza karamu zenyewe. Hakutaja yai wala sungura. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mwaka wa 1835, msomi Mjerumani Jacob Grimm aliunganisha maelezo ya Bede na jina la Pasaka katika Kijerumani cha kale, akakisia kwamba Wajerumani nao walikuwa na mungu wa aina hiyo, Ostara. Mnamo mwaka wa 1874, Adolf Holtzmann alikiri kwamba sungura wa Pasaka ni fumbo kwake, akakisia kuwa huenda alikuwa mnyama wa Ostara. Kisio hilo likazaa ngano ya ndege aliyegeuzwa sungura na kubaki na uwezo wa kutaga mayai. Leo ngano hiyo husimuliwa kana kwamba ina umri wa maelfu ya miaka.

Mwaka wa 1958, karibu na Morken-Harff nchini Ujerumani, yaligunduliwa mawe zaidi ya 100 ya enzi ya Warumi yaliyoandikwa kwa heshima ya miungu wa kike waitwao Austriahenae, jina linalofanana na Eostre. Ugunduzi huo umewapa nguvu wanaoamini kwamba Bede hakubuni. Hata hivyo, mawe hayo hayatuelezi lolote kuhusu sherehe ya ikwinoksi.

Gurudumu lenyewe lina umri mdogo zaidi. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1735 kuhusu uchawi ilifutwa mwaka wa 1951, na mwaka wa 1954 Gerald Gardner akachapisha kitabu kilichoitangaza dini ya Wicca. Mpangilio wa sherehe nane ulikamilika mwishoni mwa miaka ya 1950, na rafiki yake, Ross Nichols, aliuingiza katika jumuiya ya Wadruidi aliyoianzisha mwaka wa 1964. Jina Ostara lilipachikwa ikwinoksi ya Machi na Mmarekani Aidan Kelly mwaka wa 1974. Mwanahistoria Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol ameichambua historia hii kwa kina katika kitabu chake cha mwaka wa 1999, na Wapagani wengi wamekubaliana naye bila kuiacha dini yao.

Moto wa Beltane

Beltane ina mizizi iliyo bayana zaidi. Faharasa ya Kiairishi inayohusishwa na Cormac, iliyoandikwa karibu na mwaka wa 900, inaeleza kwamba Wadruidi waliwasha mioto miwili na kuwapitisha ng'ombe katikati ili kuwakinga na maradhi. Kwa jamii ya wafugaji, jambo hili halihitaji ufafanuzi mrefu.

Hata hivyo, tamasha mashuhuri zaidi la Beltane leo, lile linalofanyika usiku wa tarehe 30 Aprili katika kilima cha Calton mjini Edinburgh, lilianza mwaka wa 1988 tu. Lilibuniwa na wasanii, wakisaidiwa na wataalamu wa fasihi simulizi wa chuo kikuu cha mji huo. Malkia wa Mei huongoza msafara, wapiga ngoma humfuata, naye Mtu wa Kijani huuawa na kufufuliwa. Hapa mwanafunzi wa fasihi simulizi atavitambua vipengele vyote tunavyovifunza: fanani, hadhira, maleba, mandhari na utendaji. Wengi wa watazamaji si Wapagani. Hata hivyo, moto unapowashwa, baridi ile ile ya miezi mingi hukimbizwa kwa wote.

Ukongwe na thamani

Swali linalotukabili ni hili: ikiwa miviga ni michanga, je, ni ya uongo? La hasha. Tazama Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja. Nairuzi ya Waajemi, ambayo maana yake ni siku mpya, huangukia ikwinoksi ya Machi. Ni sherehe ya machipuko. Ilipofika kwetu ilifuata mwaka wa siku 365 usio na siku ya nyongeza, hivyo ikawa inarudi nyuma kwa takribani siku moja kila miaka minne. Leo Makunduchi huadhimisha mwaka mpya mwezi wa Julai, wakati wa kipupwe, kwa kupigana kwa mikungu ya migomba na kuchoma kibanda. Hakuna atakayewaambia kwamba mwaka wao ni batili kwa sababu umeyaacha machipuko ya Uajemi.

Kwa hivyo, ni muhimu kutenganisha maswali mawili. La kwanza ni la mwanahistoria: jambo hili lilianza lini, na ushahidi uko wapi? La pili ni la mwanafasihi: jambo hili linawafanyia nini wanaolitenda? Tukiyachanganya, tutafanya moja kati ya makosa mawili. Ama tutakejeli ibada za watu kwa kuwa ni changa, ama tutazibunia umri ili ziheshimike. Kosa hili la pili ndilo linalotunyemelea sisi tunaokusanya miviga ya jamii zetu na kuharakisha kuandika kwamba imekuwapo tangu jadi, bila kumuuliza mzee aliyeketi mbele yetu aliiona lini kwa mara ya kwanza.

Hitimisho

Tumeona kwamba Ostara ina jina la mwaka wa 725, ngano ya karne ya 19 na kalenda ya karne ya 20. Licha ya hayo, anayeipanda mbegu yake siku ya ikwinoksi, baada ya giza la miezi mingi, hapandi kwa niaba ya Bede. Anapanda kwa sababu mwanga umerudi.

Nyanya yangu naye, hata baada ya ubatizo, hakuacha kuishika mbegu ya kwanza kiganjani na kuinong'onezea kabla ya kuifukia, mvua za Machi zilipoanza. Sikuwahi kumuuliza alijifunza kwa nani. Laiti ningemuuliza, na laiti angejua kwamba si lazima atamke jina lolote kwa sauti ya chini.